Gari la kuagiza likuchukue Heathrow: nani analipia kuchelewa?

Anayekwenda London kwa mara ya kwanza hupewa ushauri wa aina mbili, na kila mtoa ushauri huwa na uhakika kabisa. Wa kwanza husema agiza gari mapema, lipa, ukitoka umkute dereva ameshika kibao chenye jina lako. Wa pili husema hizo ni pesa za kutupa, maana treni inafika hadi chini ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Wote wawili wanabishana juu ya starehe na bei, na hapo ndipo wanapopishana na jambo lenyewe. Kati ya magurudumu kugusa ardhi na mlango wa hoteli kuna muda usiotabirika: foleni ya uhamiaji, mizigo, msongamano wa barabarani. Muda huo una gharama, na lazima mtu aibebe. Kila aina ya usafiri humbebesha mtu tofauti.

Gari lililoagizwa kwa bei maalumu huiachia kampuni hasara ya msongamano. Mkikwama saa nzima kwenye barabara ya M4, bei ni ile ile. Lakini foleni ya uhamiaji inabaki juu yako, kwa sababu dereva anakusubiri na muda wake wa bure una mwisho. Teksi nyeusi ya London ni kinyume chake: huipangii muda, kwa hiyo ndege ikichelewa saa tano hudaiwi chochote, ila ukishaingia ndani mita inahesabu hata gari likisimama. Magari ya Uber na Bolt, ukiyaita ukiwa umeshatoka na mizigo mkononi, hukwepa tatizo la foleni na hukuonyesha bei kabla ya kupanda. Tatizo ni kwamba bei hiyo hupaa pale ambapo ndege nyingi zimetua pamoja na mvua inanyesha. Treni haijali chochote kati ya hayo, isipokuwa siku ya mgomo au ya ukarabati wa reli.

Ukilitazama hivyo, swali la "lipi bora" linakuwa swali la wewe ni msafiri gani.

Msafiri wa Afrika Mashariki ana jambo moja ambalo miongozo mingi ya Kizungu huliruka. Mageti ya kielektroniki ya pasipoti huwahudumia raia wa Uingereza, wa nchi za Umoja wa Ulaya, na wa nchi nyingine chache kama Marekani, Kanada, Australia na Japani. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda hupanga foleni ya kuonana na ofisa. Asubuhi, ndege za masafa marefu zilizosafiri usiku kucha zinapotua kwa kufuatana, foleni hiyo inaweza kuisha kwa dakika 20 au ikapita saa moja. Ongeza muda wa kusubiri sanduku. Ndiyo maana "dakika 45 za kusubiri bure" zinazomtosha raia wa Ufaransa mwenye begi la mkononi zinaweza kukuishia wewe kabla hujaona mkanda wa mizigo.

Hapa pana kipengele cha mkataba ambacho wengi hawakisomi: hizo dakika zinahesabiwa tangu lini? Kuna kampuni zinazohesabu tangu ndege itue kwa kweli. Kuna zinazohesabu tangu saa ya kuchukuliwa uliyoandika kwenye fomu. Na chache bado hushikilia saa iliyokuwa kwenye ratiba, hata ndege ikichelewa. Chukua ndege inayotarajiwa kutua saa 12:30 asubuhi na ikatua kwa wakati. Kwa kampuni ya kwanza, dakika 45 zinaisha saa 1:15. Kwa ya pili, ukiwa umeandika uchukuliwe saa moja baada ya kutua, yaani saa 1:30, dakika zako zinaisha saa 2:15. Gari ni lile lile, tofauti ni saa nzima. Baada ya hapo hutozwa kwa dakika au kwa robo saa, na juu yake maegesho. Mwenye pasipoti isiyopita kwenye mageti na mwenye sanduku la kupokea aandike muda wa kuchukuliwa usiopungua dakika 60 baada ya kutua. Asiye na sanduku anaweza kupunguza hadi 40.

Maegesho nayo yanahitaji neno. Heathrow hairuhusu gari kuchukua abiria mbele ya mlango wa terminali. Sehemu ile ni ya kushusha tu. Dereva wako lazima aingie kwenye maegesho ya muda mfupi na kulipia. Bei nzuri huwa tayari imejumuisha malipo hayo. Bei inayoonekana nafuu kupita kiasi mara nyingi haijayajumuisha, na utayasikia ukiwa umeshakaa kiti cha nyuma.

Gharama nyingine ni ada ya msongamano, ya kuingia na gari katikati ya jiji. Tangu Januari 2026 ni paundi 18 kwa siku, na hutozwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 6 mchana hadi saa 12 jioni Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Teksi nyeusi hazilipi. Magari ya kuagiza yalikuwa na msamaha wake hadi Aprili 2019, ukaondolewa. Kwa hiyo uliza kama ada hii imo ndani ya bei, lakini kwanza angalia ramani: Soho, Westminster na City (mtaa wa mabenki) zimo ndani ya eneo la ada, ilhali Paddington na Kensington ziko nje. Anayelala Paddington akitozwa nyongeza ya "kuingia mjini" ana haki ya kuuliza ni mji gani huo.

Kuhusu usalama, sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya sheria ya magari ya kukodi ya London ya mwaka 1998, ni teksi nyeusi pekee zinazoruhusiwa kuchukua abiria ambaye hajaagiza. Magari mengine yote, ambayo wenyeji huyaita minicab, pamoja na ya Uber na Bolt, lazima yaagizwe kupitia kampuni yenye leseni. Mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL, hutoa leseni tatu tofauti: ya kampuni, ya dereva na ya gari. Gari huwa na kibandiko cha TfL kwenye kioo cha mbele na cha nyuma, dereva huwa na kitambulisho chake, na namba ya leseni unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TfL kabla hujalipa. Yule anayekunong'oneza "taxi, taxi" kwenye ukumbi wa kuwasili anavunja sheria, hata akiwa na kibandiko, na safari isiyoagizwa inaweza kukuacha bila kinga ya bima.

Lakini kukosekana kwa kibandiko cha TfL si ushahidi wa utapeli kila mahali. Gatwick (kilomita zipatazo 45 kusini), Luton na Stansted ziko nje ya mipaka ya London, na kampuni za huko hupewa leseni na halmashauri za maeneo yao. Huko utatafuta kibao cha halmashauri. Pia mita ya teksi nyeusi haina nguvu nje ya mipaka ya jiji. Bei ya kutoka Stansted ni ya kukubaliana, na kukubaliana ukiwa umechoka saa 5 usiku si biashara nzuri. Kwa viwanja hivyo hoja ya kuagiza mapema ina uzito kuliko ilivyo Heathrow.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji wa magari hawautaji. Tangu Novemba 2022 treni za Elizabeth line zinatoka Heathrow na kupita katikati ya jiji moja kwa moja. Hadi Paddington ni kama nusu saa, na nauli ya mtu mzima hadi katikati ni chini ya paundi 20. Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure wakiwa na mtu mzima. Vituo vyake vyote vina lifti au njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani, jambo ambalo vituo vingi vya Piccadilly line, treni nyingine ya kutoka Heathrow iliyo ya bei ndogo zaidi na ya polepole zaidi, havina. Gari kwa umbali huo huo hutumia dakika 45 Jumapili alfajiri na linaweza kupita saa moja na nusu Jumatatu asubuhi. Gari la kawaida la kuagiza mara nyingi huangukia kati ya paundi 60 na 100. Mtu mmoja mwenye sanduku moja, anayeshukia karibu na kituo mchana, hana sababu ya kuagiza gari. Kumwambia vinginevyo ni kumuuzia.

Hesabu hugeuka wanapofika watu wazima wanne. Nauli zao za treni zikijumlishwa zinakaribia bei ya gari, na gari linawafikisha mlangoni. Hugeuka pia kwa mzee asiyeweza kutembea sana, kwa anayefikia mtaa usio na reli ya karibu, na kwa anayetua baada ya treni za mwisho. Usiku wa manane hubaki basi la N9 na, Ijumaa na Jumamosi tu, Piccadilly line ambayo usiku huo haifiki Terminali 4. Tarehe 25 Desemba treni za jiji hazitembei kabisa. Gari la siku hiyo liagizwe wiki kadhaa kabla, na tegemea bei ya sikukuu.

Ila hao wanne wasiagize gari la "watu wanne". Gari dogo la kawaida hubeba watu wanne, au masanduku manne, si vyote pamoja. Buti lake linaingiza masanduku makubwa mawili na mabegi mawili ya mkononi. Familia yenye masanduku sita ya kilo 23 inahitaji gari la watu sita au nane, na idadi ya masanduku iandikwe kwenye fomu. Usipoiandika, dereva ana haki ya kukataa mzigo, na gari la pili utalilipia bei ya dakika ile. Kiti cha mtoto nacho kiombwe kwa umri na uzito. Sheria ya Uingereza inaruhusu teksi na minicab kumbeba mtoto bila kiti maalumu kwenye kiti cha nyuma kama dereva hana, kwa hiyo usipoomba hakuna atakayekuwa amekosea.

Makosa mengine huzaliwa kwenye fomu yenyewe. Namba ya ndege inayotakiwa ni ya kipande cha mwisho, kile kinachotua London. Anayepitia Doha au Addis Ababa akiandika namba ya ndege aliyopandia Dar es Salaam, kampuni itafuatilia ndege isiyohusika. Tarehe ni ya kufika: ndege ya usiku inayoondoka Nairobi tarehe 14 hutua London tarehe 15. Saa ni ya London, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto, na fomu hutumia saa 24. Na usiandike "Heathrow" peke yake. Kenya Airways hutumia Terminali 4, British Airways imegawanyika kati ya 5 na 3, na dereva aliyesimama terminali nyingine hafiki kwako kwa miguu.

Hatari kubwa kuliko zote ni kukosa ndege ya kuunganisha. Mfumo wa kampuni unaona ndege uliyoitaja imetua salama, dereva anasubiri, muda unaisha, na wewe bado uko Doha. Kwenye vitabu vyao abiria hakutokea, na pesa hairudi. Kufuatilia ndege hakumfuatilii abiria. Tuma ujumbe kwa kampuni dakika ile unapopewa ndege mpya, kwa barua pepe au WhatsApp, na uhifadhi jibu. Tovuti nyingi za kuagiza ni madalali tu. Kazi huipeleka kwa kampuni nyingine ya huko. Kwa hiyo omba mapema namba ya simu ya dawati la kampuni inayoleta gari, pamoja na namba ya gari na jina la dereva, na lipa kwa kadi badala ya kutuma pesa kwenye akaunti ya mtu.

Ukitoka na usimwone dereva, unga simu kwenye Wi-Fi ya bure ya uwanja na upigie dawati kabla ya kumtafuta dereva mwenyewe, kwa sababu dawati ndilo linaloandika kumbukumbu. Piga picha ya ukumbi ili saa uliyokuwapo ibaki kwenye simu. Usipande gari jingine kabla hawajajibu au kukiri kwa maandishi kwamba gari halipo. Ukiondoka kimya, anayehesabiwa hakutokea ni wewe.