Mkeka ukipanda ukutani

Ukili, ule ukanda wa ukindu (majani ya mti wa mkindu) unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, umehama sakafuni. Siku hizi utauona umezungushwa kwenye taa ya dari, umeshonwa kuwa kapu la nguo katika chumba cha hoteli Zanzibar, au umekuwa duara kubwa lililotundikwa juu ya kochi. Wapo wanaoshangilia kwamba ususi wa pwani umefufuka. Wengine wanalalamika kwamba mkeka umegeuzwa picha tu.

Hoja ya wanaoshangilia si rahisi kuipuuza. Mkeka wa ukindu ulishashindwa nyumbani kwake kabla wabunifu wa mapambo hawajabisha hodi. Ule wa plastiki ni wa bei nafuu, unaoshwa kwa sabuni na kukauka upesi, wala masika hayauoteshi ukungu. Kazi ya ukindu, kwa upande wake, haijapungua hata hatua moja: kukata kuti changa kabla halijafunguka, kulianika, kuchana chane za upana mmoja, kuzichemsha na rangi, kusuka ukili, kisha kuushona ukanda kwa ukanda. Msusi hawezi kumdai jirani yake malipo ya saa zote hizo, maana jirani mwenyewe hana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata katazo la mifuko ya plastiki Tanzania Bara, lililoanza Juni 1, 2019, liliwafungulia mlango zaidi watengenezaji wa mifuko mbadala ya viwandani kuliko wasukaji wa vikapu.

Lakini mkeka ulikuwa na mkaguzi wake. Aliyeununua aliulalia, akautandika msibani, akauazima kwa harusi ya jirani. Ukili uliolegea ulijionyesha wenyewe kwenye maungio, na mama anayejua alikuwa anaugeuza mkeka kutazama mshono wa nyuma kabla hajatoa hela. Pambo la ukutani hukaguliwa kwa picha ya simu. Linaweza kusukwa kwa pupa na kushonwa ovyo, na hakuna atakayegundua, kwa sababu hakuna atakayelikalia. Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo hasa: mauzo yanaweza kupanda huku mkono unashuka.

Lawama ya kwamba mapambo yanaharibu asili hainisumbui sana. Rangi za dukani ziliingia kwenye sufuria za wasusi zamani, na mikeka myekundu, ya zambarau na ya kijani tunayoiita ya asili inatokana nazo. (Wanaolilia asili kwa sauti kubwa, aghalabu, nao wamekalia makochi.) Kinachonisumbua ni nani anachagua. Mchoro ukija umekwisha chorwa, vipande vyote vya kahawia na nyeupe, vipimo vilevile, msusi aliyekuwa na mafumbo ya rangi kichwani anabaki kuwa vidole vya mtu mwingine. Na malipo hufuata mkondo huohuo. Tangu zamani anayesuka ukili na anayeushona huenda wasiwe mtu mmoja, na aliyeuza kitu kilichokamilika ndiye aliyeondoka na fungu nono. Sasa baada ya mshonaji kuna mbunifu, kuna duka, kuna lebo.

Zaidi ya hayo, ukili husukwa barazani, katikati ya mazungumzo na chungu kilichoko jikoni. Agizo lenye tarehe halijui chungu. Anayelipokea anaweza kupata kipato cha uhakika kuliko cha mikeka, ila atakuwa anafanya kazi nyingine kabisa, na bei inapaswa kuhesabiwa hivyo.

Limebaki suala la kuti. Mkindu hujiotea kwenye mabonde yenye maji na kandokando ya mito, na msusi analitaka lile kuti changa la katikati, ambalo ndilo ukuaji wa mti wenyewe. Matumizi ya kijiji kimoja mti unayahimili. Mfanyabiashara anayetaka makapu kwa mamia angefaa aanze kwa kuotesha mikindu yake, kabla ya kuchapisha lebo.