Bima wanayo, pa kulala hawana

Boston haina uhaba wa madaktari. Hospitali zake watu huzifuata kutoka nchi za mbali, na tangu jimbo la Massachusetts lipitishe sheria ya bima mwaka 2006, karibu kila mkazi ana bima ya afya, wakiwemo wengi wanaolala kwenye vibaraza vya benki. Kwa hiyo anayedhani shida ya afya ya watu wasio na makazi mjini humo ni ada ya daktari ameanzia pabaya. Shida huanza daktari akishamaliza kazi yake, tena vizuri, akaandika: mgonjwa aruhusiwe, akapumzike nyumbani, mguu auinue, kidonda kisilowe.

Akauinulie wapi? Sehemu nyingi za malazi ya dharura hupokea watu jioni na kuwatoa asubuhi, mvua inyeshe, theluji ianguke.

Tuchukue mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu. Atapewa furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Akiimeza asubuhi, kwa saa kama sita atakuwa mtu wa kutafuta choo. Vyoo vya mikahawani ni vya wateja, na kukojoa barabarani ni kosa. Basi haimezi. Siku si nyingi mapafu yanajaa maji, analetwa na ambulensi, na kwenye faili linaandikwa neno la lawama: hafuati dawa.

Insulini nayo ina vituko vyake. Ikishafunguliwa, aina nyingi hukaa siku 28 bila friji, mradi isipate joto kali. Lakini Januari ya Boston adui ni baridi. Insulini iliyoganda kwenye mfuko wa koti imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mtu anaendelea kujichoma sindano huku sukari inapanda, na hajui kwa nini. Ibebwe ndani ya nguo, karibu na mwili.

Ila sehemu ya mwili inayoumbuka kwanza ni miguu. Dk. Jim O'Connell alipoanza kazi ya kutibu watu wasio na makazi mjini Boston mwaka 1985, nesi Barbara McInnis wa kliniki iliyo ndani ya Pine Street Inn, malazi ya dharura ya mjini humo, alimwambia aweke stetoskopu kando, akamkabidhi kazi ya kuosha miguu ya wagonjwa. Huo haukuwa unyenyekevu wa maonyesho. Maji yawe vuguvugu, na ayapime nesi kwa mkono wake, kwa sababu mguu wa mwenye kisukari una ganzi na unaweza kuungua bila mwenyewe kusikia. Kidonda kikiwa wazi, usiloweke. Kausha katikati ya vidole hadi pakauke kweli. Mafuta paka kisiginoni, si katikati ya vidole, maana unyevu wa hapo ni chakula cha fangasi. Tazama wayo wote, kisha soksi kavu. Na mtu aliyekaa na miguu kwenye beseni huanza kuzungumza. Kikohozi cha miezi miwili hujulikana hapo.

Vidole vilivyoganda kwa baridi ni habari nyingine. Vikishayeyushwa halafu vikaganda tena usiku huohuo, madhara huwa makubwa kuliko mwanzo, na mwisho wake mara nyingi ni kukatwa. Hapo kitanda ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kuongeza kliniki nyingine, ongezeni vitanda vya kupona. Boston inayo Barbara McInnis House, yenye vitanda 104, kwa watu ambao hali yao haihitaji tena hospitali lakini haiwezi kustahimili barabara. Hapo mtu hubadilishiwa bendeji, humaliza antibayotiki za mshipani, au hunywa dawa ya kumfanya aharishe kujiandaa kupimwa utumbo mpana, kipimo ambacho hakiwezekani kwa asiye na choo cha usiku kucha na mtu wa kumsindikiza baada ya dawa ya usingizi. Vitanda hivyo ni vichache mno. California, tangu 2019, sheria inazitaka hospitali zimpe mgonjwa asiye na makazi chakula, nguo za kufaa na usafiri kabla ya kumruhusu. Ni jambo jema, ila usafiri wa kwenda wapi?

Kitanda cha kupona si nyumba, na anayetoka hapo kurudi barabarani atarudi mgonjwa. Nyumba lazima zijengwe. Lakini nyumba huchukua miaka, na karatasi za kuruhusiwa zinasainiwa leo. Wakenya wengi walioko kwenye kazi za uuguzi Lowell na Worcester, miji ya Massachusetts, wanazijua karatasi hizo. Kabla hazijasainiwa, mgonjwa aulizwe: usiku huu unalala wapi, choo kiko wapi, dawa utaificha wapi isiibwe? Majibu yasipokuwepo, asiruhusiwe Ijumaa jioni, wakati kila ofisi ya kumsaidia imefungwa mpaka Jumatatu.