Mikopo na madini navyo ni mambo ya mimbari
Kuna mwandishi anasema masheikh na maaskofu wawaachie wachumi habari za kodi na madini, wao wabaki na ibada. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2008 BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki) na CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) walikaa pamoja wakatoa ripoti kuhusu dhahabu yetu, enzi hizo mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo kampuni huilipa serikali, ukiwa asilimia 3 tu. Sheria ya Madini ya 2010 ikaupandisha hadi 4, na mabadiliko ya 2017 yakaufikisha 6. Sisemi ni kazi yao peke yao (wabunge na wanaharakati nao walipaza sauti), lakini kama wangenyamaza, waumini wengi wangejulia wapi maana ya mrabaha? Halafu mwandishi huyo aje huku Mbagala, Dar es Salaam, aone. Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza vitumbua, alichukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, wa laki mbili. Kijana wa marejesho alikuwa anamfuata alfajiri, mama hajainjika hata karai jikoni. Aliyekaa naye na daftari wakapiga hesabu ya riba siku kwa siku ni katekista wetu, na jirani yetu ustadhi ndiye aliyemwingiza kwenye kikoba cha mtaa (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), kile cha sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Mchumi sikumwona. Wenzangu wa Tandale na Gongo la Mboto, misikiti na makanisa ya kwenu yanasemaje kuhusu mikopo hii?