Shaba ya Kilembe na mlango wa Santa Clara

Baba yangu alichimba shaba Kilembe, magharibi mwa Uganda. Alishuka shimoni akiwa kijana, na mgodi uliposimama mwaka 1982 alibaki palepale Kasese na kofia yake ya kazi, ambayo hadi leo imetundikwa sebuleni. Mimi naishi California, katika bonde linaloitwa kwa jina la silikoni, nikitunza wazee majumbani mwao. Sikusomea uhandisi. Ninachokijua kuhusu chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta, nimekipata kwa kuruhusiwa kuingia na kutazama, na ndiyo maana naandika.

Mwaka 2018 nilimpeleka binti yangu kwenye makumbusho ya Intel, kampuni ya kutengeneza chipu, Santa Clara, ndani ya jengo lenye jina la Robert Noyce, aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja na Gordon Moore mwaka 1968. Hatukulipa kitu, wala hatukuulizwa barua. Mtoto alivaa lile vazi jeupe la mafundi wa kiwandani, kwa sababu chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu chipu. Aliona gogo la silikoni, ile itokayo kwenye mchanga, linalong'aa kama kioo. Hulivuta polepole kutoka kwenye silikoni iliyoyeyushwa, likapoa, kisha hulikata sahani nyembamba, na juu ya kila sahani huchorwa mamia ya chipu kwa mwanga. Palikuwa pia na 4004, chipu ya mwaka 1971 yenye transista 2,300, yaani swichi ndogo za umeme. Tulirudi nyumbani na kipande kidogo cha chipu ndani ya plastiki, cha kufungia funguo.

Machi 2024 Nvidia, kampuni nyingine ya chipu, nao walijaza uwanja wa magongo ya barafu hapa San Jose. Tiketi za mkutano ule mfuko wangu hauzifikii, lakini hotuba ya mkuu wao, Jensen Huang, ilirushwa bure, nikaitazama jikoni kwa bibi ninayemhudumia. Aliinua chipu waliyoiita Blackwell: transista bilioni 208. Bibi yule aliniomba nimrudishie tena pale inapotajwa hiyo idadi. Najua kampuni huja jukwaani kuuza. Hata hivyo, mtoto anayetazama husikia pia habari za vitu ambavyo havina bei bado. Mwaka 2023 Intel walitoa chipu ya utafiti ya kompyuta ya kwanta, Tunnel Falls, yenye kyubiti 12, yaani vipande vya msingi vya kompyuta ya aina hiyo, wakaipeleka kwenye maabara za vyuo vikuu ili wanafunzi waishike wenyewe na kujifunza tabia zake.

Sasa nyumbani. Desemba 2023 nilikwenda Kampala na mtoto wa dada yangu, wakati ule akiwa Senior 5, yaani kidato cha tano, fizikia ndiyo chakula chake. Nilimwahidi kumwonyesha maabara moja ya teknolojia. Askari wa getini akauliza: "Mna barua?" Hatukuwa nayo. "Mna miadi?" Hatukuwa nayo. Tulisimama juani karibu saa nzima, nikipiga simu isiyopokelewa, kisha tukaenda kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya barabara. Kijana hakulalamika hata kidogo. "Ndivyo ilivyo, mama mdogo," akasema, akaendelea kula. Hiyo "ndivyo ilivyo" iliniuma kuliko lile geti.

Aliyemfungulia mlango siku ile alikuwa fundi wa simu pale Mutaasa Kafeero, jengo la maduka mjini Kampala. Tulipeleka simu ya dada iliyokataa kuwaka. Fundi akaifungua, akawasha blowa ya hewa moto, akang'oa chipu ndogo kuliko punje ya mchele, akasafisha vituo vyake. Kijana alikuwa ameinama hadi anamzibia mwanga. Badala ya kumfukuza, fundi akasogeza hadubini: "Njoo, tazama. Hii ndiyo inayogawa umeme." Tulikaa pale mpaka jioni. Miaka yote niliyoishi California, sijakutana na jirani aliyewahi kuona tumbo la simu yake. Ikifa, hununua nyingine. Pale Kampala kuna mamia ya vijana wanaoisoma kwa vidole, na sijasikia chuo chochote kikiwaita waje wafundishe wanafunzi wake.

Kazi ya maana ipo kwetu, naisema kwa fahari. Pale Chuo Kikuu cha Makerere, mradi wa AirQo hutengeneza vipimo vya hewa vinavyostahimili vumbi na joto la Kampala, wakavifunga hata kwenye bodaboda. Novemba 2022 setelaiti ya PearlAfricaSat-1 ilirushwa, na waliofanya kazi juu yake ni wahandisi wa Uganda waliokuwa wakisoma Kyushu, Japani. Ni watoto wangapi wa Kasese wanaojua? Mwaka huohuo, Julai, baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Basi mambo haya yasemwe kwa Kiswahili, sokoni, kwenye uwanja wa mpira, siku moja kwa mwaka geti likiwa wazi na askari akielekeza watu waingie.

Nimejaribu mwenyewe. Jumapili moja nilimweleza baba kwa simu jinsi chipu inavyotengenezwa, tangu mchanga hadi ile sahani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na umeme unapita wapi humo, mama?"

Nikamwambia nyaya zilizomo ndani ni za shaba. Zamani zilikuwa za alumini, mpaka IBM walipotangaza shaba mwaka 1997, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri zaidi. Wakati huo Kilembe ilikuwa imelala miaka 15.

"Shaba," akasema. Akaniuliza unene wa waya. Nikamwambia ni mwembamba mara maelfu kuliko unywele. Nikamsikia akimwita mama aje kwenye simu, akaniamuru niyarudie yote tangu mwanzo, polepole.

Desemba hii naenda. Kile kipande cha plastiki kiko tayari kwenye mkoba, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani na nyumbani ameshanipa Jumanne asubuhi. Baba anasema atakuja na kofia yake.