Mtandaoni Mtaa Gani?

Katoni ya sabuni ninayoijua mimi ina miche ishirini. Leo asubuhi nimefungua katoni niliyolipwa na mwenye kiwanda fulani kwa kumfanyia tangazo, nikahesabu: kumi na tisa. Nikamwita mama watoto, kwa kuwa ndiye waziri wa fedha wa nyumba hii. Naye kumi na tisa. Nikampigia mhasibu wao.

"Mzee wangu," akasema bila hata kukohoa, "huo mmoja ni kodi ya zuio. Tangu Julai 2024 anayemlipa mtengeneza maudhui anakata asilimia tano. Sasa asilimia tano ya ishirini ni ngapi?"

Ni mmoja. Hesabu yake haina kasoro, na hapo ndipo paliponiuma. Ila naomba kuuliza, kwa heshima na taadhima: huo mche wameupeleka wapi? Kuna dirisha linalopokea sabuni? Umetolewa kontroo namba?

Kwa msionijua, mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kazi yangu ni kujifunga kanga, kupaka wanja na kujifanya mama mkwe mkorofi, halafu narusha video. Ni kazi ya staha. Walio na kazi zisizo na staha wanalala saa nne usiku, mimi nasubiri jirani azime redio ndipo nirekodi.

Na sikukamatwa na mtu. Nilikwenda mwenyewe kwa watu wa mapato, nimevaa suti niliyoolea, kitufe cha tumboni kikiomba dua. Nikakuta kijana dirishani.

"Biashara iko wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni mtaa gani?"

Nikadhani anatania, nikacheka. Hakutania. Fomu ina kisanduku cha mtaa, na kisanduku hakiachwi wazi. Tukaandika Mbagala. Sasa kama biashara iko Mbagala, lete mkataba wa pango. Mwenye nyumba wangu akisikia neno mkataba anasikia ile asilimia kumi ya kodi ya zuio kwenye pango, akaniambia mkataba wetu uko moyoni. Barua ya serikali ya mtaa nayo ina mambo yake, tuiache.

Basi nikafikishwa kwa afisa makadirio. Binti mdogo, lika la mwanangu wa tatu, mwenye adabu mpaka nikaona haya. "Shikamoo baba. Karibu ukae baba." Nikasema moyoni, huyu kalelewa. Akachukua simu yake, akafungua ukurasa wangu. Akatazama kidogo. Akanitazama. Akatazama tena simu.

"Baba, ni wewe huyu?"

Nikakohoa kiutu uzima. "Ni kazi tu, mwanangu."

"Jamani njooni! Mama mkwe yuko hapa!"

Wakaja. Wakaja mpaka wa ofisi ya pili, wakaja walinzi, akaja mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya leseni ya udereva. Wanataka sauti. Nikakataa, nikasema nimekuja kikazi. Wakasema kidogo tu baba. Nikaona labda hapa pana nafuu. Anayekuchekea hawezi kukukandamiza. Nikawapa ile ya mama mkwe kakuta chumvi imezidi kwenye mchicha. Watu walishika meza. Mlinzi aliomba nirudie ili amrekodie mkewe. Nikarudia, nikaongeza na ile ya kuhesabu vipande vya nyama. Nikapigwa picha na kila mtu, suti imelowa jasho. Wakatawanyika wakifuta machozi.

Binti akafuta yake, akavuta kikokotoo.

"Sasa baba. Hii ya mchicha imetazamwa mara laki mbili. Tukisema kila mtazamaji shilingi mia tu, hiyo ni milioni ishirini."

"Mwanangu, watazamaji hawalipi. Wanatazama!"

"Wanatazama bure?"

"Bure! Kama nyinyi sasa hivi!"

Hapo pakawa kimya kidogo. Nikatoa daftari langu la matumizi: wigi, wanja, kanga doti tatu, bando, mafuta ya jenereta ya kuazima. Akasoma kwa huruma kabisa. Akaniuliza risiti za mashine ziko wapi. Jamani, wigi nimenunua kwa mmachinga anayekimbia huku anapanga bei, risiti ningeidai wapi? Kanga ni za mke wangu. Akaandika pembeni: hana kumbukumbu. Asiye na kumbukumbu, mauzo yake yakikadiriwa kati ya milioni saba na kumi na moja kwa mwaka, jedwali la kodi linasema alipe laki mbili na nusu. Unaweza kulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Milioni saba! Ningekuwa nazo ningejifunga kanga?

"Nimekufikiria sana baba," akasema, na naamini alinifikiria. "Halafu mwambie mama mkwe apunguze ukali."

Huko nje nako hawajaniacha. YouTube, kwa sheria ya Wamarekani, tangu 2021 wanakata asilimia thelathini ya kinachotokana na watazamaji walioko Marekani, kwa kuwa sisi na Wamarekani hatuna mkataba wa kodi. Dada yangu mmoja yuko Ohio, ananitazama kila siku kwa mapenzi. Nimemwomba aache. Bando nalo lina VAT ndani yake. Umeme nao, nikiweka Luku nakatwa kodi ya jengo, elfu moja na mia tano kila mwezi, jengo la mtu asiyetaka hata kuandika mkataba! Mimi ndiye ninayelilipia, na siku nikichelewa pango ananigongea ukuta kwa rungu, ukuta huohuo.

Halafu ndugu. Ndugu wamesikia neno dola. Sasa hivi nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi, nimekuta jina langu limeshaandikwa, na mbele yake ahadi: 500,000, na alama ya makofi. Nani ameahidi? Nikauliza kwa upole, bwana harusi ni nani hasa. Mwenyekiti wa kamati akajibu, "Utamwona ukumbini, tajiri." Nikanyamaza. Asubuhi wamehamia kwenye sare: wanataka wanaume wote wavae kijani cha embe bichi. Mtu mzima, kijani cha embe bichi, na fundi anataka elfu arobaini, nguo uje nayo mwenyewe. Mke wangu ameshalipia yake. Kwa pesa ya nani, sijauliza.