Shemeji Hawezi Kuona Kitu Kinavuja

Shemeji yangu ni fundi bomba. Akialikwa harusini, kabla hajakaa kitini ameshakagua koki za ukumbi mzima. Kwa hiyo mke wangu aliposema kaka yake atafuatana nasi Vienna, na kwamba yeye mwenyewe atashinda kwenye mikutano ya kazi, nilielewa kuwa nimekabidhiwa mtu. Nisilolijua ni kwamba kaja na tepu. Ile nyeupe, nyembamba, ya kuzungushia kwenye uzi wa bomba ili maji yasipenye. Tuko matembezini, Austria, na tepu imo mfukoni.

Mimi nilichofuata ni vilabu vya mvinyo. Vienna ina mashamba ya mizabibu ndani ya mji wenyewe, mamia ya hekta, na ukipanda tramu namba 38 pale Schottentor inakushusha Grinzing, chini ya vilima vyenyewe. Huko wakulima wanauza mvinyo wa shamba lao, nyumbani kwao. Ruhusa hiyo ilitolewa na Kaisari Joseph wa Pili mwaka 1784, na mpaka leo nyumba iliyofungua inaning'iniza matawi ya msonobari mlangoni. Huoni tawi, usibishe hodi. Vilabu hivyo huitwa Heuriger. Shemeji aliposikia habari za Kaisari alitikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza kama na ile mifereji ya paa ni ya Kaisari.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, na msimu huo kuna kitu kinaitwa Sturm. Ni maji ya zabibu mpya yaliyokwisha kuanza kuchachuka lakini hayajafika: juisi si juisi, mvinyo si mvinyo. Imevurugika rangi, tamu, inatekenya ulimi. Glasi ya kwanza unasema hii soda. Ya tatu ndiyo inayokujibu. Hamira iko hai humo ndani, inakula sukari na kutoa kileo na gesi, usiku na mchana, hata ikiwa chupani. Ndiyo maana chupa ya Sturm haizibwi; inafunikwa na foili au kifuniko legelege, gesi ipate pa kutokea.

Shemeji alipopata ya kwanza aliinua glasi akapaza sauti, "Prost!", neno lake pekee la Kijerumani. Wazee wa meza ya jirani wakageuka. Mmoja akamweleza kwa upole, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba wanywaji wa Sturm hawatakiani afya namna hiyo. Maneno hayo ni ya mvinyo uliokamilika, na wa mwaka huu unasubiri Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin. Shemeji akaomba radhi, akaagiza nyingine kufuta kosa. Kisha akaendelea kufuta.

Wakati wa kuondoka akataka ya kumpelekea dada yake. Mama mwenye kilabu akaleta chupa ya lita mbili, mdomoni ina foili iliyotobolewa. Kiingereza hajui, Kijerumani hatujui. Akaisimamisha wima, akaafiki kwa kichwa. Akailaza, akatikisa kidole. Halafu akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akavimbisha mashavu, akatoa macho, akarusha mikono juu: "Bumm!"

Nikamtazama shemeji, maana ukalimani alikuwa ameshajipa mwenyewe.

"Anasema ni kali," akanitafsiria. "Ukiibugia, inapanda kichwani."

Tukamshukuru sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yule mama tulimsifu mpaka tukachoka na hakutia hata tone.

Hatujafika mbali, shemeji akasimama katikati ya njia. Akapapasa chini ya begi. Kidole kimelowa.

"Shem, inavuja."

"Si ndivyo ilivyo?"

"Hakuna kitu kinachovuja kikawa ndivyo kilivyo."

Akaketi kwenye ukingo wa barabara, akatoa chupa yake ya plastiki ya maji, lita moja na nusu, akaimwaga, akahamishia Sturm humo. Iliyozidi tukainywa palepale isipotee. Kisha ikatoka tepu. Akazungusha uzi wote wa mdomo wa chupa, huku akinieleza, bila kuulizwa, kwamba mafundi wengi siku hizi wanazungusha kinyume. Akakaza kifuniko kwa leso. Akaipindua chupa juu chini, akaitikisa mbele ya macho yangu. Kavu.

"Hii hata uitose baharini."

Tukaenda kilabu kingine, na kingine, begi likiwa limepumzika juani. Hapo ndipo nilipopata nilichokitafuta, Gemischter Satz, mvinyo wa mchanganyiko: mizabibu ya aina mbalimbali katika shamba moja, inavunwa pamoja, inakamuliwa pamoja. Niseme wazi, Sturm ni mchezo wa watoto mbele yake. Lakini si mvinyo huo uliotuaibisha.

Kwenye tramu ya kurudi begi lilikuwa mapajani mwa shemeji. Mbele yetu mzee wa koti zuri na mbwa mdogo, amefungwa mdomo kwa kile kikapu cha waya kama kanuni za usafiri wa kule zinavyotaka. Tramu inateremka inayumba, na mimi naona zipu ya begi inajifungua yenyewe.

Shemeji akachungulia. Chupa ilikuwa imevimba mashavu kama mpiga zumari. Kitako kimetokeza nje.

"Shem, tushuke," nikasema.

"Presha ndiyo kazi yangu. Naitoa upepo kidogo tu."

Akashika kifuniko. Hakikusogea, ile tepu ilikuwa imewekwa na mtu anayejua kazi. Akabana chupa katikati ya magoti, akauma meno, akatia nguvu zote alizojaliwa.

Ya kwanza ilipiga dari. Ikatawanyika, ikarudi chini kwa haki, kila abiria fungu lake. Shemeji akafanya anachofanya fundi bomba yeyote bomba likipasuka, akaziba kwa kiganja, na ule mrija mmoja ukawa mitano. Mmoja wangu, sikioni. Mmoja dirishani. Mama wa kiti cha nyuma akafungua mwamvuli, ndani ya tramu, bila kusema neno. Yule mzee akajifuta nyusi, akalamba kidole.

"Sturm," akasema. Hakuwa anauliza. Mbwa wake alikuwa ameshapitisha ulimi kwenye waya, anashughulikia kiatu changu.

Schottentor tulimkuta mke wangu anatungoja, na pembeni yake bosi wake. Tumelowa, tunanata, tunanuka hamira. Shemeji akamkabidhi chupa iliyobaki vidole vitatu hivi, tena kwa mikono miwili.

"Dada, zawadi yako."

Mke wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nikajua kikao kitakuwa chumbani. Shemeji akaninong'oneza: "Lakini shem, umeona pale kwenye uzi? Hata tone."

Zawadi ikakataliwa, basi akaimalizia mwenyewe, juu ya zile za mchana. Sasa hamira haijui kwamba imehamishwa chupa. Chumba chake kilipakana na chetu, na ukuta ulikuwa mwembamba. Usiku kucha tulisikia maji yakivutwa, kimya kidogo, yakivutwa tena.

Asubuhi alishuka kwenye chai macho mekundu, akavuta kiti taratibu, akatuarifu kwamba tangi la choo la hoteli ile linachelewa sana kujaa. Amelipima mara nyingi.