Mama Mkwe na Jaribio la Saa Tisa Usiku

Tangazo kwenye soko la vibarua vya mtandaoni lilikuwa fupi: kiungo (kipande cha kuongezea) cha malipo ya M-Pesa kwa programu huria ya duka la mtandaoni, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, bei ya mkupuo dola 600, hatua tatu. Mteja ni Mholanzi, anauza taa za sola, mawakala wake wako Kenya. Hatua ya kwanza dola 150, msimbo ufanye kazi kwenye mazingira ya majaribio. Ya pili dola 250, ufanye kazi na pesa za kweli. Ya tatu dola 200, italipwa siku mradi mkuu wa programu hiyo utakapoupokea msimbo.

Hiyo hatua ya tatu ndiyo iliyokuja kumnyima usingizi mama mkwe wangu kule Likoni, Mombasa, lakini tusiruke ngazi.

Wenye kufanya vibarua vya mtandaoni wanaujua utaratibu. Mteja anaweka pesa za hatua kwenye amana ya soko kabla hujagusa kibodi. Ukimaliza unawasilisha, naye ana siku 14 za kukagua. Akinyamaza, pesa zinaachiliwa zenyewe, na soko linakata asilimia 10 yake. Hatua iliyoandikwa kwenye mkataba bila pesa kuingia kwenye amana si hatua, ni salamu. Kwa kazi ya kawaida utaratibu huu unatosha. Kwenye programu huria lakini kuna mtu wa tatu, mtunza mradi, anayeamua msimbo upi upokelewe, ambaye hakusaini mkataba wowote, halipwi na yeyote, na jioni ana watoto wa kuogesha. Kulifanya neno lake kuwa sharti la malipo ni kuweka nadhiri ya mbuzi wa jirani.

Tatizo hili lina umri. Mwaka 1999 CollabNet ilianzisha sourceXchange, soko la kazi za programu huria hasa, na pale kila mradi ulikuwa na mkaguzi wa pembeni wa kusema hatua imetimia au la. Soko lilifungwa 2001, ila wazo la mkaguzi lilikuwa zuri. Nami nilimpendekezea Mholanzi kitu cha aina hiyo: hatua ya tatu ihesabiwe imetimia ombi la kuunganisha msimbo likishawasilishwa, majaribio yote yakipita, na hoja za mtunza mradi zikijibiwa kwa raundi mbili. Akakataa kwa adabu. Alitaka kuona kazi imepokelewa.

Alitaka pia msimbo uwe wake peke yake. Nikamweleza: WordPress, ambayo programu ya duka lake imejengwa juu yake, iko chini ya leseni huria ya GPL toleo la 2 au la baadaye, na kiungo kinachosambazwa juu yake kinafuata njia hiyo hiyo. Kuuza unaweza. Kukitumia kimyakimya kwenye seva yako bila kumpa mtu msimbo unaweza pia, kwa sababu sharti la kutoa msimbo linakuja unaposambaza. Kumkataza uliyempa asimpe mwenzake, huwezi. Tena wewe mwenyewe ndiye unayetaka kiingie kwenye mradi mkuu, ambao dunia nzima inaupakua! Akafikiri, akajibu kwamba haidhuru, washindani wake hawasomi PHP, lugha ya msimbo huo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa anayelijua Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Unaomba tokeni, yaani kibali cha muda, kwa ufunguo na siri yako, inadumu saa moja. Unatengeneza nywila kwa kuunganisha nambari ya biashara, neno la siri la kulipia na muda wa sasa wa tarakimu 14, kisha vyote unavigeuza kuwa maandishi ya mtindo wa base64. Muda ulioko ndani ya nywila na ule unaotuma pembeni yake lazima ufanane mpaka sekunde. Nambari ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri, basi unahitaji kipande cha kusafisha 07, 01 na +254 kabla ya yote. Kiasi kiwe shilingi nzima. Duka linalokokotoa kodi litakuletea 1,250.50 na ombi litakataliwa, kwa hiyo kadiria mwisho kabisa, si kwa kila bidhaa. Anwani ya kupokea majibu iwe ya HTTPS na ionekane kutoka nje, maana kompyuta yako ya mezani haijulikani na mtu huko duniani.

Halafu kuna mtego unaowala wengi. Ukituma ombi la malipo, lile linalofungua kidirisha cha PIN kwenye simu ya mnunuzi, unajibiwa papo hapo kwa sifuri. Sifuri hiyo maana yake ombi limepokelewa, basi. Mnunuzi hajalipa, huenda hata simu hajaishika. Malipo yanajulikana kwenye jibu la pili, linalokuja kwenye anwani yako baada ya mtu kuweka PIN: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 hakujibu au hapatikani, 2001 PIN si sahihi. Fundi aliyenitangulia alisimama kwenye sifuri ya kwanza. Kwa muda fulani, huko bara, yeyote aliyebonyeza "ghairi" alipelekewa taa mlangoni. Mholanzi alidhani soko limekolea.

Ili kupima hali zote na pesa za kweli tulihitaji laini mbili: moja yenye salio, moja kavu. Yenye salio ilikuwa yangu. Ya pili nilimwomba mama mkwe laini yake ya akiba, nikamweleza kwamba tunataka simu isiyo na kitu, itajaribiwa mara moja mchana kwa shilingi 70,000, aweke PIN, ikatae, tumalize.

"Isiyo na kitu?" akasema. "Sifa hiyo ninayo, mwanangu. Jaribu."

Ikakataa vizuri, nambari 1 ikarudi, nikaandika ripoti. Mholanzi alitaka jedwali lenye nambari za simu ili alinganishe na taarifa za akaunti yake. Akapewa, na juu kabisa nikaweka kwa herufi kubwa kwamba ukurasa huo ni wake peke yake, usichapishwe. Hatua ya pili ikalipwa.

Kwenye mradi mkuu nikakuta milango yote iliyo ya kawaida. Nakala yako ya hazina ya msimbo, tawi lako, kila komiti (badiliko lililohifadhiwa) na mstari wa saini chini yake kuthibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Mtunza mradi akajibu baada ya siku kadhaa: nafasi za pembeni ziwe za tabo, ndivyo WordPress inavyotaka. Nikabadilisha. Akasema mistari 1,100 ni mingi kwa ombi moja, igawanywe mara nne. Ana haki, hakuna mtu mwenye akili timamu anayekagua mistari 1,100 usiku baada ya kazi yake ya mshahara. Nikagawanya. Akapokea kipande cha kwanza, kile cha kusafisha nambari za simu. Kisha kimya.

Miradi mingi ina roboti la kufagia. Ombi likikaa siku 60 bila neno, linabandikwa alama ya kuchakaa. Zikipita 7 nyingine, linafungwa. Dawa yake ni neno moja tu la heshima kabla ya siku ya 60: "Bado nipo, kuna linalohitajika?" Mimi nililiandika. Mholanzi, kwa kutaka kusaidia, akaandika chini yake aya ndefu kuuliza ni nani anayelipwa kukagua, na kama anaweza kumlipa zaidi. Mtunza mradi akalifunga ombi kwa mkono wake mwenyewe, roboti likapumzika.

Mholanzi akarudi sokoni na tangazo jipya: anatafutwa mtu wa "kuufanya msimbo upokelewe". Akapatikana kijana mwenye nyota tano. Kijana akachukua kazi yangu yote, jambo ambalo GPL inamruhusu, akafuta jina langu kwenye kichwa cha kila faili, jambo ambalo haimruhusu, na akaona kinachokosekana ni majaribio ya kujiendesha yenyewe. Mholanzi akampa funguo za malipo za kweli na ile ripoti.

Kijana akaweka funguo hizo na nambari ya mama mkwe ndani ya faili la majaribio, hazina ya wazi, akapanga jaribio liendeshwe kila siku saa sita za usiku. Seva hizi zinahesabu kwa saa za UTC, saa ya kimataifa. Saa sita za usiku za UTC, Likoni ni saa tisa za usiku.

Simu ikalia asubuhi, mapema mno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Neema. Hiyo kazi yako ya kompyuta imelala?"

"Imelala, mama. Iko kwa mteja."

"Basi kwangu haijalala. Kuna mtu kila usiku ananidai elfu sabini za taa."

Mwanzoni, akaniambia, alidhani ni matapeli, akabonyeza kukataa na kurudi kulala. Usiku wa pili kidirisha kikaja tena, akakiacha kizime chenyewe. Jirani akasema hilo ni jini, na ushahidi wake ni saa tisa. Mama mkwe akabisha: jini angeshika saa, huyu mara anakuja na dakika nane, mara na kumi na mbili. (Ni kweli. Kazi za ratiba kwenye seva za bure zikipangwa saa kamili huchelewa, kwa sababu kila mtu duniani kapanga saa kamili. Panga dakika ya 17 au ya 43.) Wakafukiza ubani hata hivyo. Laini ikahamishiwa kwenye simu ya mulika mwizi, simu ikalazwa ndani ya sufuria la pilau na kifuniko juu. Chuma kikavuma vizuri zaidi.

"PIN hujaweka, mama?"

"Mimi nimezaliwa jana?"

Hapo ndipo ilipokuwa raha ya jambo. Salio kutotosha hujulikana PIN ikishawekwa. Mama mkwe asipoweka, jibu ni 1032 akiwa na hasira au 1037 akiwa na usingizi, kamwe si 1. Jaribio la kijana lilisubiri 1, likawa linaanguka kila usiku. Kijana akaongeza marudio matatu mfululizo, na ombi la pili likifika huku la kwanza bado liko kwenye skrini, unapata 1001: laini ina muamala mwingine. Yasipogongana, sufuria lilivuma mara tatu.

Siku hiyo hiyo nikapokea mwaliko sokoni. Mholanzi ananiajiri kwa saa, dola 25, kukagua kazi ya fundi mpya na kueleza hitilafu moja. Kijana alikuwa ameiandika vizuri, kwa utulivu wa mwanasayansi: jaribio la salio halitabiriki, mtumiaji wa nambari hii hashirikiani, hasa nyakati za usiku, inapendekezwa atafutwe mtumiaji mwingine.

Nikawasha saa ya kulipwa. Nikasoma msimbo wangu mwenyewe kwa makini ya mgeni, nikaukuta si mbaya. Ripoti niliyotoa ilikuwa na mambo manne kwa mpangilio wa haraka. Kwanza, ratiba ya usiku izimwe sasa hivi. Pili, funguo zote za malipo zibadilishwe, kwa kuwa kilichowahi kuingia kwenye hazina ya wazi kihesabiwe kimeonwa. Tatu, nambari ya simu ifutwe kwenye historia yote kwa git filter-repo, zana ya kuandika upya historia ya msimbo, maana ukiifuta kwa komiti mpya bado iko kwenye zile za zamani. Na walionakili hazina waandikiwe mmoja mmoja, sababu nakala zao hazifutiki kutoka kwako. Nne, majaribio yasiguse mtandao wa malipo kabisa. Majibu ya 0, 1, 1032, 1037 na 2001 yahifadhiwe kama mafaili ya JSON (data kwa maandishi), msimbo ulishwe hayo, na simu za watu zipumzike. Mwisho nikaongeza mstari kuhusu majina yaliyofutwa, na kwamba mtumiaji asiyeshirikiana ni bibi yake mtoto wangu.

Mholanzi alitaharuki kweli. Majina yakarudi jioni ile ile. Kijana akaomba radhi, na nyota zake zikabaki tano. Mtunza mradi, alipoona majaribio ya JSON, akafungua ombi upya na kupokea vipande viwili. Cha nne anakifikiria. Mholanzi akauliza afanye nini kwa mama. Nikapeleka swali Likoni.

Jibu lilikuja limeshahesabiwa. Anataka taa mbili, moja ya barazani na moja ya jikoni, na malipo ya zamu ya usiku kwa kila kidirisha, marudio yahesabiwe yote. Mholanzi akakubali bila kubishana, ila akasema utaratibu wake wa hesabu unamtaka alipie sokoni, hivyo mama ajiandikishe, atafunguliwa mkataba. Nikamweleza mama mkwe namna ya kujiandikisha, amana, siku 14, na ile asilimia 10.

"Asilimia kumi ya nini?" akauliza. "Wao waliamka?"